Upinde Uliolala Ndani

Haya nitakayoyasema ni kweli yote, hata pale yanaponuka. Nikiongeza chumvi, basi nilambe kitasa cha mlango wa nje asubuhi ya Januari, ulimi ubaki hapo mpaka theluji iyeyuke. Nimestaafu, sina mkubwa wa kumwogopa wala cheo cha kukitetea, kwa hiyo sina sababu yoyote ya kudanganya. Dada yangu Verna atawaambia vingine. Verna tangu utotoni ana tabia mbaya ya kuangalia vitu kwa karibu.

Mzozo wenyewe ulihusu kichanja cha kuvizia kulungu. Marehemu baba alikijenga juu ya mwerezi ulioinama, ukingoni mwa kinamasi, nyuma ya kibanda chetu cha mawindo. Ukikitazama ni mbao chache na ngazi, lakini kulungu wote wa upande ule wa Minnesota hupita chini yake kama waumini wanaochelewa ibada. Baba alipoona siku zake zinaisha hakuhangaika kugawa shamba wala gari. Alitoa sheria ya kichanja. Mwenye kukikalia akipitisha misimu mitatu bila kuangusha kulungu kwa upinde, ashuke, apande mwingine wa familia, na hakuna rufaa. Bunduki haihesabiki. "Bunduki hata Mswidi anaweza," alisema, maana sisi ni Wafini, na wakati huo Verna alikuwa ameshaolewa na Mswidi, naye Mswidi alikuwa amekaa pale pale anamega mkate.

Huyo ndiye shemeji yangu, Gust Hallgren. Sasa, misimu miwili ilikuwa imenipita mikono mitupu, na wa tatu ulikuwa unakata roho. Ilibaki Jumamosi na Jumapili tu. Kile kichanja ndicho kitu pekee cha baba nilichokuwa nacho. Huko juu ndiko aliponifundisha kukaa kimya, jambo ambalo wengi hawaamini kwamba nililiweza. Naye Gust, bila haya, alikuja kambini na ubao wa kiti kipya, mpana kuliko wa baba, akauegemeza ukutani mahali ambapo ningeuona kila nikinywa kahawa.

"Wa nini huo, shem?" nikamuuliza.

"Wa kukalia."

"Kukalia wapi?"

"Mungu akipenda," akasema, macho kayatupa darini, "juu."

Verna akacheka mpaka akapaliwa.

Baridi ya mwisho wa juma lile! Nimeendesha greda la kusukuma theluji barabara za kaunti maisha yangu yote ya kazi, naijua baridi kwa jina lake na la baba yake. Hii ilikuwa arobaini chini ya sifuri, pale ambapo kipimo cha kwetu na kile cha Wakanada vinasoma sawa, na Mmarekani na Mkanada wakikubaliana jambo ujue limeharibika. Bundi aliyekuwa juu ya banda la kuni alikonyeza jicho Alhamisi likafunguka Ijumaa. Nilipiga chafya barazani, nikasikia vitu vinaanguka sakafuni kama punje za mahindi. Hayo ni ya kawaida. Nayataja tu mjue hali ilivyokuwa.

Baridi ya namna hiyo humwacha mwindaji, ikaanza na upinde wake. Hizi pinde zetu za siku hizi zina magurudumu nchani, na grisi ya kwenye magurudumu hugeuka lami. Mikono ya upinde hulia ukiivuta. Plastiki hupasuka ukiitazama kwa jicho kali. Ndiyo maana mwenye akili hufuta mafuta yote mapema, akatia unga wa penseli badala yake. Na juu ya yote hayo ipo amri moja ambayo kwetu mtoto huijua kabla hajajua sala: upinde hulala nje. Ukiuingiza kwenye joto unatoka jasho, na ukiutoa alfajiri lile jasho linakuwa barafu katika kila tundu na kila kiungo, ukabaki umeshika fimbo ya bei ghali. Kwa hiyo pinde zetu hulala bandani, kwenye misumari, zimetazama ukuta kama watoto waliochelewa shule.

Amri niliijua. Shida ni kwamba msumari wangu uko jirani na wa Gust.

Kama mnakula, malizeni kwanza. Gust huweka tumbaku chini ya mdomo toka anapoamka hadi anapolala, na hutema ndani ya kopo la maharage. Kwenye baridi ile matemo yaliganda tabaka juu ya tabaka, nyeusi, kahawia, njano, kama keki ya arusi ya mashetani; kopo lilipojaa alilisogeza karibu na jiko "lishuke kidogo." Anatembea na chupa ya mkojo wa kulungu jike, wa kuvutia madume. Ulipoganda, aliuyeyusha kwa kuitumbukiza chupa ndani ya birika la kahawa. Birika letu sote. Kizibo hakikukaza. Mimi nilikunywa nusu kikombe, tena nikasifu kwamba leo kahawa imeiva.

Lakini hayo niliyameza, samahani kwa neno. Lililonishinda ni nta. Uzi wa upinde hupakwa nta usije ukachakaa, na nta ya dukani kwenye baridi kama ile hukauka ikabanduka kama magamba ya samaki. Basi Ijumaa alasiri naingia bandani kuchukua kuni, namkuta Gust amevua glavu moja, kidole cha mwisho kimezama sikioni mpaka kwenye kiungo. Alikuwa anakizungusha taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayekomba chungu cha asali. Kikatoka na donge. Lilikuwa na rangi ya haradali iliyosahauliwa wazi, na unywele mmoja umesimama katikati. Akalipaka kwenye uzi wa upinde wake, juu mpaka chini, kwa upendo.

"Gust!"

"Nini?"

"Unafanya nini, wewe mtu?"

"Napaka nta."

"Hiyo si nta, hiyo ni taka ya sikio!"

"Haigandi hii, shem. Babu yangu alitumia hii hii." Akanisogezea kidole usoni. "Imebaki kidogo. Uzi wako mkavu, nikupake?"

"Ukigusa upinde wangu nakikata hicho kidole."

"Ah," akasema Gust, na tumbaku ikamchungulia kati ya meno. "Hapo umechelewa. Nilijaribia kwako kwanza."

Nikanyoosha mkono, nikaugusa uzi wangu. Ulikuwa laini. Na hilo ndilo lililonisisimua mwili kuliko yote: ulikuwa laini kweli kweli, kama uzi wa mwezi wa Juni, kwenye joto.

Asiyepiga upinde hawezi kunielewa hapa. Ukivuta uzi mpaka mwisho, unakuja kutulia usoni. Unagusa ncha ya pua. Unagusa pembe ya mdomo. Sasa nambieni, ni binadamu gani mwenye mama aliyemlea angeweza kusimama juu ya mti kumngoja kulungu, na sikio la Gust Hallgren limemlalia mdomoni?

Kwa hiyo Verna na Gust walipotoka kwenda kuwasha gari lisije likaganda injini, niliuingiza upinde ndani. Nilichemsha maji. Nikausugua uzi kwa sabuni ya vyombo, nikausuuza, nikausugua tena, maji yakitoka na vijiduara vya mafuta vinavyoelea, vinaniangalia. Nikasikia viatu vyao vinakanyaga theluji. Nikausukuma upinde chini ya kitanda changu, nikajinyoosha juu yake nikijifanya nakoroma. Nilikuwa nimekusudia kuutoa mara tu watakapolala. Lakini jiko lilikuwa na joto, na mimi nina mifupa ya mtu aliyekaa kwenye greda.

Jumamosi asubuhi nilitangulia kutoka, upinde nimeuficha ndani ya koti, nikapanda kichanjani. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huanza kutazamana.

Jua lilipochomoza, upinde ulikuwa mweupe kote kama umepakwa chokaa. Tundu la kulengea limezibwa kwa barafu. Magurudumu yamekaza. Kifyatuo, kile kidude cha chuma cha kushikia uzi na kuuachia, kimefumba mdomo hakifunguki. Na wakati huo huo, kutoka kwenye mierezi, akatoka dume. Dume! Pembe zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba ndege walikuwa wanagombania tawi.

Mwingine angelia. Mimi nilivua koti, nikaweka gurudumu moja kwenye kwapa la kulia, la pili kwapa la kushoto, nikakumbatia upinde kama mchumba mpaka ukalegea. Tundu nililipulizia. Kifyatuo nilikitia kinywani, kikaninata, kikabandua ngozi ya ulimi, nikaimeza. Dume alisubiri, nadhani kwato zake zilikuwa zimeshikwa na barafu. Nikavuta. Nikaachia. Hewa ilikuwa nzito kama uji uliolala, mshale ukaenda polepole, nikiuona. Ulipoanza kupinda kushoto niliuelekeza kwa kupiga mluzi. Ukampata pale pale penyewe. Dume akanitazama kama anayesema "mzee, umeweza," akakunja miguu, akakaa chini kwa heshima, akafa. Na kabla sijamaliza kushuka ngazi alikuwa ameganda, mgumu kama kabati.

Ndivyo ilivyokuwa.

Nilimfunga kwenye sleji ya plastiki nikamburuta juu ya theluji hadi kambini. Gust alinipokea mbele ya baraza. Nilitegemea matusi. Badala yake alivua kofia kwenye baridi ile, akanishika mkono kwa mikono miwili, na machozi yakamlengalenga, yakaganda kwenye kope.

"Hongera, shem," akasema. "Hongera sana. Kichanja ni chako." Akaingia ndani, akatoka na ule ubao wake mpana, akaupasua kwa shoka vipande vipande. "Leo ni Jumamosi, siku ya kuoga mvuke. Huu utapasha moto sauna yako."

Nilijisikia vizuri. Kidogo vibaya, lakini hasa vizuri.

Verna hakusema hongera. Alikuwa anamzunguka kulungu, mikono kiunoni.

"Reino."

"Naam, dada."

"Jicho lake la huku liko wapi?"

"Liliganda likadondoka. Nililitafuta kwenye theluji, sikuliona."

"Likadondoka."

"Kwa baridi, dada. Lilitoa mlio kabisa. Tik."

"Na mbona amekunja miguu hivi?"

"Alikaa."

"Kulungu aliyepigwa mshale huwa anakimbia, mdogo wangu. Hakai."

"Huyu alikuwa amechoka."

"Na mbona hukumtoa matumbo huko huko?"

"Kisu kiliganda ndani ya ala."

Akaniangalia vile anavyoangalia maziwa kabla ya kuyanusa. "Haya. Basi mwingizeni kwenye sauna, kile chumba cha kuvulia nguo, ayeyuke tumchune. Tutakula ini jioni."

Kwetu ini la kulungu wa upinde huliwa jioni ile ile, na vitunguu, na kila mtu mezani lazima aonje; bila ini, msimu haujahesabiwa. Hiyo nayo ni ya baba.

"Dada, tumwache nje mpaka kesho," nikasema. "Nyama ikipumzika inakuwa tamu."

"Ini," akasema Verna.

Sauna kwa Wafini ni mahali ambapo bibi zetu walizaliwa na babu zetu wameoshwa wakiwa maiti. Hatupigi kelele humo, hatutukani, na watu waliogombana kanisani hupatana humo. Nayo yetu ni ya baba vilevile, ya magogo, vyumba viwili: cha mvuke ndani, cha kuvulia nguo nje. Tulimtundika kulungu kwenye boriti ya kile cha nje, mlango wa katikati tukauacha wazi joto limfikie. Mbao za Gust zikashika moto, zikalia vizuri. Gust akavua nguo zote akaingia kwenye mvuke kwanza, maana mimi nilisema sijisikii kuoga. Nikakaa barazani na kahawa, nikisali sala ya mtu asiyejua anaomba nini hasa.

Mwanzoni ilikuja harufu ndogo tu, kama soksi. Nikajiambia ni za Gust. Halafu ikaja ya kabeji iliyosahauliwa chini ya sinki. Halafu ikafika yenyewe, ile isiyo na mfano, tamu mbele na chungu nyuma, inayokushika kwenye fizi. Ilipita kwenye nyufa za magogo, ikavuka uwanja, ikapanda ngazi, ikaingia kwenye kikombe changu. Katika baridi ya arobaini, ambapo hata choo cha shimo hakinuki! Verna akatoka jikoni, kitunguu mkononi, pua imekunjamana.

"Ni nini hicho?"

"Mimi sisikii kitu," nikasema.

Ndipo Gust, mwekundu na mwenye furaha, akatoka kwenye mvuke kwenda kuchota theluji ya kujipaka, akapita chini ya kulungu. Tumbo lilikuwa limevimba kwa joto, limekaza, ngozi inang'aa. Sijui alilisugua kwa bega au lilichagua lenyewe wakati. Tulisikia mlio, si mkubwa. Kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi la ngozi. Kisha kimya. Kisha ukelele.

Mlango ukafunguka. Gust akatoka mbio, uchi kama alivyozaliwa lakini kwa rangi tofauti. Alikuwa wa kijani kutoka utosini mpaka magotini. Kitu kirefu, chembamba, kijivu kilikuwa kimemzunguka shingo kama skafu. Alikuwa anafuka mvuke kila upande, na kila alipopiga hatua kitu kilimdondoka kikafanya tundu kwenye theluji. Akafungua mdomo kusema, na kwa kuwa alikuwa ameufungua hata mle ndani, alichotoa kwanza hakikuwa neno. Tumbaku ilitoka. Chakula cha mchana kikafuata. Akajitupa kwenye theluji, akabingirika, akainuka amevikwa unga kama kitumbua, akajitupa tena.

Nilitapika ndani ya kikombe, nikatafuta pengine pa kutapikia, nikakosa.

Verna alimfunika Gust blanketi, akamwingiza ndani, akamkalisha karibu na jiko ndani ya beseni. Kisha alijifunga kitambaa puani, akachukua kisu na taa, akaenda sauna peke yake. Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa na ini kwenye koleo la makaa, mkono ameunyoosha mbali kama anayebeba nyoka. Lilikuwa jeusi na kijani, limelegea, linatoka povu. Aliliweka juu ya theluji mbele ya baraza.

"Hili hapa ini," akasema. "Nani anaanza?"

"Dada, baridi hufanya maajabu kwenye ini."

"Reino." Hakupaza sauti. "Mguu wake wa nyuma umevunjika mara mbili, kidonda kimeoza mpaka kwenye nyonga. Huyu ni yule dume aliyegongwa na lori la magogo ile wiki ya mvua, kabla baridi haijashika. Gust alimwona anachechemea kuelekea kinamasini, akatuambia mezani. Dume akaenda akalala, akafa, akaoza tumboni, ndipo akaganda. Jicho wamelila kunguru."

"Inawezekana alikuwa mgonjwa. Lakini mshale wangu ndio..."

"Mshale wako." Akautoa mfukoni, akanionyesha nyuma yake, pale panapokaa uzi. Pamepondekapondeka kama mswaki wa zamani. "Upinde unapondaponda mshale huku? Huu umegongwa kwa kisogo cha shoka. Umemgongomea maiti mshale kama msumari!"

"Baridi, dada. Plastiki inapasuka."

"Basi tuutazame upinde."

Akaenda bandani, nikamfuata nikimweleza mambo mengi kwa mpigo. Akauondoa kwenye msumari. Magurudumu yalikuwa yamevaa barafu nene kama kioo cha chupa. Alivuta uzi, haukusogea hata unywele. Akavuta tena kwa mguu. Akanusa uzi.

"Sabuni ya vyombo," akasema. Alisimama vile akiutazama, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona amesikitika. "Uliulaza ndani. Wewe, mtoto wa baba, uliulaza upinde ndani."

"Mumeo aliupaka taka ya sikio!"

"Ndiyo, nilimwona. Wangu nao aliupaka. Nikafuta, nikaendelea." Akaurudisha kwenye msumari. "Upinde huu leo haujarusha mshale. Haungeweza."

Tuliporudi ndani Gust alikuwa bado ndani ya beseni, magoti yamefika kidevuni, nywele zimesimama na vipande vipande. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Shem," akasema taratibu, "mimi nilipasua ubao wangu."

Nilianza kumweleza habari za kwapa na mluzi. Nilifika kwenye gurudumu la kushoto. Wote wawili walikuwa wananitazama tu, na moto unalia jikoni, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipungua, ikapungua, mpaka ikawa haipo.

Siku moja ya msimu ilibaki, lakini kwa upinde uliokuwa barafu haikunifaa kitu; Jumapili alfajiri tulikwenda kinamasini watatu. Kwa desturi yetu anayeshuka humpandisha anayepanda. Nilipanda mimi kwanza, nikafagia theluji kwenye kiti, nikaupandisha upinde wa Gust kwa kamba, uzi wake unang'aa vile mnavyojua, nikaufunga kwenye tawi. Kisha nikamvuta na yeye. Alikuwa ameoshwa na kuoshwa tena, lakini kwenye mikunjo ya masikio yule dume alikuwepo bado. Ubao wa baba ulikuwa mwembamba kwake. Nusu ilikaa, nusu ikangoja.

"Mwambie," akasema Verna kutoka chini.

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Nilijua. Kuna jambo moja la kichanja kile ambalo baba aliniambia mimi tu, tukiwa tumebanana pale pale juu, kabla mimi sijaota ndevu. Nilikuwa nimeliweka tayari kwenda nalo kaburini. Ningeweza hata wakati ule kumwambia lingine lolote la uongo. Nilikuwa nayo kama manne hivi, yote mazuri, yamepangana nyuma ya ulimi.

"Geuka," nikamwambia Gust. "Kila mtu hutazama kinamasi. Kinamasi si kitu. Wanatokea nyuma yako, kwenye ile miti myeupe, na hutawasikia. Utaona tu kunguru wamenyamaza."

Gust akamwangalia Verna kule chini. "Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Verna. "Baba aliniambia na mimi."

Nikashika ngazi. Halafu Gust akageuka, mbao zikalia, akanipa mgongo wake mpana na kukipa kisogo kinamasi, na huko juu hapakuwa tena na nafasi ya mtu wa pili. Nikashuka.

Verna alinipa ndoo, brashi na sabuni ya magadi. Nikarudi peke yangu mpaka kwenye sauna ya baba, nikafungua mlango. Kila kitu kilikuwa kimeganda kilipoangukia: ukutani, darini, kwenye benchi, kwenye taulo la Gust. Palikuwa hapanuki hata kidogo. Nikajaribu kukwangua, brashi ikateleza juu yake kama juu ya kioo. Kwa hiyo nikapiga magoti mbele ya jiko, nikapanga kuni, nikawasha kiberiti, maana hakuna namna ya kusugua kitu kilichoganda. Ilibidi uvundo uamke kwanza.